Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Miaka 82 na Kipaza Sauti Sebuleni

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulikuwa na makala fupi kuhusu Leonard Cohen, mtunzi na mwimbaji wa Kanada ambaye albamu yake You Want It Darker ilitoka tarehe 21 Oktoba 2016, mwezi mmoja baada ya yeye kutimiza miaka 82, naye akafariki dunia tarehe 7 Novemba, siku 17 tu tangu albamu hiyo iwafikie wasikilizaji. Sikutarajia barua nyingi, maana Cohen si mwanamuziki anayepigwa sana katika redio zetu. Hata hivyo barua zimekuja, na karibu zote zinazunguka jambo moja, yaani namna mtu wa umri ule, tena mgonjwa, anavyoweza kuanza kazi mpya na kuimaliza. Nimechagua sita, na waliouliza maswali yanayofanana nayo watapata majibu yao humo humo.

Mheshimiwa mhariri, uliandika kwamba Cohen alikuwa mgonjwa sana alipokuwa akirekodi albamu hiyo. Mtu asiyeweza kutembea vizuri alifikaje studio, na alisimamaje mbele ya kipaza sauti saa zote zile? — Msomaji wa Morogoro

Hakwenda studio, na wala hakusimama. Cohen alikuwa na mivunjiko katika pingili kadhaa za uti wa mgongo, na maumivu yake yalikuwa makali kiasi kwamba kazi aliyokuwa ameianza na mtunzi mwenzake, Patrick Leonard, ilibidi isimamishwe kwa muda. Aliyeifufua ni mwanawe, Adam Cohen, ambaye naye ni mwimbaji. Badala ya kumpeleka baba studio, aliileta studio kwa baba. Cohen alikuwa akiishi ghorofa ya juu ya nyumba ya kawaida mjini Los Angeles, bintiye akiishi ghorofa ya chini; sebule ya pale juu ndiyo iliyogeuzwa chumba cha kurekodia, akaketishwa katika kiti cha kitabibu kinachoegemeza mgongo, kipaza sauti kikawekwa mbele ya mdomo wake, na sauti ikaingia katika kompyuta mpakato. Muziki ulirekodiwa kwingine na wanamuziki wengine, ukawa unakwenda na kurudi kwa barua pepe, mzee akiusikiliza, akiukubali au akiukataa, kisha akitia sauti siku ambazo mwili ulimruhusu.

Adam amesimulia jambo moja ambalo sikuliweka katika makala kwa sababu ya uchache wa nafasi, na sasa najuta. Anasema zilikuwapo siku ambazo baba yake, akisaidiwa na bangi ya tiba, alijivuta kutoka katika kile kiti, akasimama mbele ya spika, na wote wawili wakarudia wimbo mmoja tena na tena kama vijana waliopata sahani mpya ya santuri. Naomba tusimame kidogo hapo. Tumezoea kuisikiliza albamu hii kwa uso wa matanga, kana kwamba kila dakika yake ilirekodiwa katika giza, kumbe sebuleni mle kulikuwa pia na furaha ya mtunzi aliyesikia mstari wake umekaa sawasawa mahali pake.

Kiufundi, mpango ule wa nyumbani ulimfaa kuliko studio kubwa. Vipaza sauti vya aina inayopokea sauti kutoka upande mmoja vina tabia ya kuongeza besi kadiri mdomo unavyovisogelea, na mwimbaji mwenye sauti nzito akiimba taratibu kwa umbali wa kiganja anasikika kana kwamba amekaa kando ya kitanda chako. Mtu aliyeketi na kuchoka hawezi kupaza sauti, lakini si lazima aipaze. Ndiyo maana katika albamu ile unasikia pumzi, unasikia midomo ikiachana kabla ya neno kutoka, na husikii mahali hata pamoja ambapo anajitutumua.

Nimemsikiliza huyo mzee wenu. Mimi ni mpenzi wa taarabu, na nasema kwa heshima kwamba huyu haimbi, anasoma. Hivi kweli huo nao ni uimbaji? — Msomaji wa Mombasa

Nakushukuru kwa heshima, na nitakukubalia nusu ya hoja. Umelelewa katika muziki ambao mwimbaji hupimwa kwa namna anavyoupandisha mstari na kuutetemesha, na kwa kipimo hicho Cohen hafiki hata robo ya safari. Lakini lugha yetu ina neno ambalo Waingereza wangelipenda kuwa nalo, nalo ni kughani. Mtu anayeghani utenzi haimbi kama mwimbaji wa taarabu, wala hasomi kama msomaji wa taarifa ya habari. Analibeba neno kwa sauti iliyo kati ya hayo mawili, na mizani ndiyo inayompa mwendo. Cohen alikuwa mghani tangu mwanzo. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1956, akafuatisha vingine pamoja na riwaya mbili, na albamu ya kwanza hakuitoa hadi Desemba 1967, akiwa na miaka 33, umri ambao wanamuziki wengi wa pop wa zama zile walikwisha kuchuja.

Sauti yenyewe nayo ina historia. Ukiisikiliza albamu ile ya 1967 utakuta kijana mwenye sauti nyembamba, yenye kupuliza puani kidogo, juu ya gitaa la nyuzi za nailoni. Ilipofika mwaka 1988, katika albamu ya I'm Your Man, sauti ilikwisha kushuka chini kabisa, na mwenyewe alizoea kusema kwa mzaha kwamba kazi hiyo ilifanywa na sigara nyingi na pombe kali. Jambo la kutazama ni namna alivyoishughulikia sauti hiyo mpya. Hakuilazimisha kupanda kule ilikokuwa zamani. Aliushusha wimbo uifuate, akawapa wanawake waitikiaji kazi ya kubeba sehemu kubwa ya melodi, naye akabaki chini kama nguzo. Miongoni mwao ni Sharon Robinson, ambaye alitunga naye nyimbo kadhaa, ukiwamo mmoja ulio katika albamu ya mwisho. Katika You Want It Darker mpango ni ule ule, isipokuwa kwamba katika nyimbo mbili waitikiaji ni kwaya ya wanaume wa sinagogi. Kwa mtu wa taarabu hilo halipaswi kuwa geni: kibao kizuri kinaweza kusimama juu ya viitikio hata kama mwimbaji kiongozi hana mbwembwe.

Nusu ya pili ya hoja yako siikubali. Anayesoma anaweza kulisoma neno popote. Cohen akilichelewesha neno kwa nukta moja, mstari wote unageuka maana. Huo ni uimbaji.

Je, huyo ndiye mwenye ule wimbo wa "Hallelujah" ambao hata kwetu unaimbwa harusini? — Msomaji wa Nakuru

Ndiye. Aliuweka katika albamu ya Various Positions ya mwaka 1984, ambayo kampuni yake ya rekodi iliikataa nchini Marekani, ikatolewa huko na kampuni ndogo mwaka uliofuata. Wimbo huo ulipata umaarufu polepole, kupitia vinywa vya waimbaji wengine. Mtakaouimba harusini someni kwanza beti zote, kwa maana baadhi yake hazifai kusomwa mbele ya wakwe.

Katika wimbo wa kwanza wa You Want It Darker kuna neno linarudiwa, "hineni". Mtoto wangu anasema ni Kiebrania. Linamaanisha nini, na kwa nini mtu anayejua anakufa alichague hilo? — Mama wa Tanga

Mtoto wako amesema kweli, mama. Ukifungua Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Mwanzo sura ya 22, Mungu anamwita Ibrahimu ili kumjaribu juu ya mwanawe, naye Ibrahimu anajibu, "Mimi hapa." Katika Kiebrania jibu hilo ni neno moja tu, hineni. Haliishii katika kusema mahali ulipo, kwa maana aliyeita anajua ulipo. Linasema kwamba umesikia, umesimama, na lolote litakaloamriwa liamriwe. Wewe uliye Tanga utalielewa kwa njia fupi zaidi kuliko mimi ninavyolieleza, kwa sababu wazee wa pwani walipoitwa na mkubwa walijibu "labeka", neno lililotoka katika chimbuko lile lile la Kiarabu ambalo mahujaji hulitamka wakielekea Makka. Cohen hakuwa na labeka, lakini alikuwa na hineni, na alilitoa katika nyumba aliyolelewa.

Nasema nyumba aliyolelewa kwa sababu kwaya unayoisikia nyuma yake ni ya sinagogi la Shaar Hashomayim, mjini Montreal, ambalo ukoo wake uliliongoza tangu zama za baba wa babu yake na ambalo yeye mwenyewe aliingia akiwa mtoto. Alimwandikia kiongozi wa uimbaji wa sinagogi hilo, Gideon Zelermyer, akieleza kwamba anatafuta sauti ya kwaya ile aliyoikumbuka tangu ujana wake. Kwaya ikarekodiwa Montreal, yeye akiwa Los Angeles, na sauti inayobaki peke yake ikilia mwishoni mwa wimbo ni ya Zelermyer. Baadhi ya maneno ya wimbo huo yanatokana na Kadishi, sala ambayo Wayahudi huisoma kwa ajili ya marehemu, ingawa sala yenyewe haina neno hata moja linalotaja kifo. Kiini chake ni kulitukuza na kulitakasa jina la Mungu.

Kuhusu kujua kwamba anakufa, nakuomba tuwe na tahadhari. Mwezi huo wa Oktoba yalichapishwa mahojiano aliyofanya na jarida la The New Yorker, ambamo alisema yuko tayari kufa, na dunia ikashtuka. Siku chache baadaye, katika mkutano na waandishi wa habari mjini Los Angeles, aliwaambia kwa utani kwamba huenda alitia chumvi, na kwamba anakusudia kufikisha miaka 120. Alifariki usiku, baada ya kuanguka nyumbani kwake. Alikuwa mgonjwa, alikuwa mzee na alikuwa mshairi, na mambo hayo matatu yanatosha kumfanya mtu afikirie kifo bila kupewa tarehe. Isitoshe, alikuwa amekwisha kurekodi sauti za nyimbo nyingine ambazo hakuwahi kuzimaliza, nami nitazirudia chini. Mtu anayefunga duka haagizi mzigo mpya.

Shikamoo mzee wa safu. Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa na mtunzi katika bendi ya dansi miaka ya 1970. Sasa ana miaka 71 na anataka kurekodi albamu, nyimbo mpya pamoja na chache za zamani. Ndugu wanasema anapoteza fedha. Baada ya kusoma makala yako amezidi kushikilia. Umshauri nini? — Msomaji wa Mwanza

Marahaba, mwanangu. Kwanza mpe mjomba salamu zangu, na uwaambie ndugu kwamba miaka 71 si umri wa kushangaza katika kazi hii. Cohen alikuwa na miaka 73 aliporudi jukwaani mwezi Mei 2008 katika mji mdogo wa Fredericton, Kanada, na ziara zake zilimalizika Auckland, New Zealand, Desemba 2013, akiwa na miaka 79 na akiimba karibu saa tatu kwa usiku mmoja. Dar es Salaam nayo katika miaka ya 1990 ilikuwa na Shikamoo Jazz, bendi ya wazee waliowahi kutamba katika bendi za zamani, na jina lenyewe liliwaambia vijana namna ya kuwaamkia.

Sitakuficha kwamba fedha zilikuwa sehemu ya sababu ya Cohen. Katikati ya miaka ya 1990 aliishi miaka kama mitano katika monasteri ya Kibudha kwenye mlima wa Mount Baldy, California, na mwaka 2004 akagundua kwamba mtu aliyemwamini kusimamia mali yake alikuwa amezichukua fedha zake za uzeeni, zaidi ya dola milioni 5, zikabaki dola 150,000 hivi. Mahakama ilimpa haki, lakini haki iliyo katika karatasi hailipi kodi ya nyumba, kwa hiyo akachukua kofia yake akarudi kazini. Kilichofuata ndicho ningependa mjomba akitazame. Kati ya mwaka 1993 na 2011 Cohen alitoa albamu mbili tu mpya za studio. Kisha, kuanzia Januari 2012 hadi Oktoba 2016, akatoa tatu: Old Ideas, Popular Problems na You Want It Darker. Dhiki ilimrudisha jukwaani, jukwaa likamrudishia sauti na wanamuziki, na hao wakamrudisha katika utunzi. Kama mjomba ana sehemu ya kupiga mara kwa mara, hata kama ni hoteli ndogo siku ya Jumapili, apige kwanza miezi kadhaa kabla ya kulipia saa moja ya studio.

Sasa kuhusu sauti, na hapa nina kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kushuhudia mwimbaji mmoja mkongwe wa dansi akirekodi upya kibao chake cha ujana, katika studio iliyokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kuta zimepigiliwa magodoro. Prodyuza, kijana mwenye adabu, alimwambia, "Mzee, tushushe ufunguo kidogo," yaani wimbo wote uimbwe kwa sauti ya chini zaidi. Mzee akakataa, alisema watu wanaujua wimbo ule ulivyo na wataona amechoka. Akaimba ubeti wa kwanza vizuri, kiitikio kilipopanda akakohoa. Akarudia, akakohoa tena. Mara ya tatu alifika juu, lakini sauti iliyofika haikuwa yake, ilikuwa ya mtu anayebeba gunia. Tukanywa chai ya tangawizi. Hakuna aliyesema kitu. Baadaye mpiga gitaa, bila kumwomba ruhusa mtu, akaanza kuupiga wimbo ule ule polepole, sauti mbili na nusu chini ya ulivyokuwa, na mzee akiwa bado na kikombe mkononi akaanza kuimba akiwa amekaa. Hiyo ndiyo iliyorekodiwa. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ile ya zamani, kwa sababu maneno ya wimbo ule, yaliyokuwa ya mvulana aliyeachwa na mpenzi, yalipotoka kwa mtu aliyezika mke yalikuwa na uzito ambao mtunzi hakuutia alipokuwa na miaka 24.

Kwa hiyo mjomba ashushe ufunguo bila aibu, na aketi kama anataka kuketi. Arekodi kwa muda wa saa mbili asubuhi kisha apumzike, badala ya kukesha kama vijana wanavyokesha. Akitaka kupiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja kama zamani, arekodi hivyo mara moja kwa ajili ya roho yake, kisha arekodi kila kimoja peke yake kwa ajili ya albamu. Wala asijaze: albamu ile ya Cohen ina nyimbo tisa na haifiki dakika arobaini.

Utunzi ni sehemu ambayo wazee wengi hukosea, na nasema hivi nikiwa mmoja wao. Hudhani kwamba kwa kuwa wametunga miaka hamsini, wimbo mpya utakuja wenyewe. Cohen alikuwa mwandishi wa polepole mno. Mwenyewe alisimulia kwamba Bob Dylan, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, alimwuliza "Hallelujah" ilimchukua muda gani, akajibu miaka miwili, na baadaye akakiri kwamba alidanganya, kwa kuwa ilikuwa zaidi. Alipomwuliza Dylan kuhusu wimbo wake mmoja, akaambiwa dakika kumi na tano. Hadi mwisho Cohen alibeba madaftari yenye beti za miaka mingi nyuma, akifuta na kurudia, na wimbo uitwao "Treaty" ulio katika albamu ya mwisho ulikaa naye muda mrefu kabla haujakubali kukamilika. Mjomba afungue madaftari yake ya zamani, kama panya hawajayawahi. Huenda ubeti aliouacha mwaka 1983 kwa sababu hakujua mwisho wake umekuwa ukimsubiri aujue.

Tena amtafute kijana mmoja, mmoja tu, anayemwamini na anayeweza kumwambia "mzee, hapa hapajakaa" bila kukosa adabu. Cohen alikuwa na mwanawe. Huyo kijana anaweza kuwa wewe unayeandika barua, ukijifunza kidogo kutumia programu ya kurekodia; kipaza sauti kizuri kimoja, chumba chenye mapazia na magodoro, na siku ambayo jirani hachomelei vyuma, vinatosha kwa sauti. Ngoma na besi ndizo zitakazodai studio ya kulipia.

La mwisho ni hati, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Bendi nyingi za wakati wa mjomba zilirekodi Radio Tanzania, na mikanda ile imebaki katika maktaba ya redio. Kumiliki rekodi ni jambo moja na kumiliki utunzi ni jambo jingine. Kama wimbo aliutunga yeye, anaweza kuurekodi upya. Kama aliutunga na wenzake, awatafute walio hai na warithi wa waliotangulia, wakubaliane kwa maandishi kabla ya kupiga nota ya kwanza, si baada ya wimbo kupendwa. Kisha ausajili utunzi wake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Kwa sheria ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake ni kwamba karatasi atakayoisaini mjomba leo itawahusu hata wajukuu. Cohen mwenyewe, akiwa bado mgeni katika biashara hii mjini New York, alisaini karatasi zilizompotezea haki za wimbo wake maarufu wa kwanza, "Suzanne". Nao ndugu wanaosema anapoteza fedha, waambie wakae naye katika hilo la hati. Huko ndiko fedha hupotelea.

Nimeona kuna albamu nyingine ya Cohen iliyotoka miaka mitatu baada ya kifo chake. Je, tuihesabu kuwa yake? Na kwa mtu asiyemjua kabisa, aanzie wapi? — Msomaji wa Dodoma

Albamu hiyo ni Thanks for the Dance, iliyotoka Novemba 2019. Zilizobaki baada ya kazi ya sebuleni zilikuwa sauti za Cohen zilizorekodiwa pamoja na muziki mchache sana au bila muziki wa maana, na Adam alizichukua akazitengenezea muziki katika gereji ya nyuma ya nyumba yake, akisaidiwa na watu kadhaa, akiwamo Mhispania Javier Mas, mpiga ala za nyuzi aliyekuwa pamoja na Cohen katika zile ziara ndefu. Maneno ni ya baba na sauti ni ya baba, kwa hiyo siwezi kusema si yake. Lakini mtunzi huyu alikuwa na mazoea ya kukataa, na hakuna ajuaye ni ipi kati ya nyimbo zile angeifuta kesho yake. Mimi huichukulia kama shughuli ya arobaini ambayo mtoto amemwandalia baba yake: imepikwa vizuri, wageni wamekaa kwa heshima, na aliyefanyiwa hakuulizwa apendacho. Isikilize baada ya nyingine, si kabla.

Kwa mgeni kabisa, watu wengi watamwelekeza kwenye albamu ya 1967. Mimi ningemwanzisha na Popular Problems ya mwaka 2014, iliyotoka katika wiki aliyotimiza miaka 80, kwa sababu ina ucheshi na mwendo, na inamwonyesha mzee kabla ugonjwa haujamkalisha kitini. Kisha aingie You Want It Darker usiku mmoja, kwa utaratibu nyimbo zilivyopangwa, hadi ule wa tisa, ambapo vinanda vya nyuzi vinaurudia wimbo wa "Treaty" bila mwimbaji kwa muda mrefu kiasi kwamba unadhani ameshaondoka, halafu anarudi kwa mistari michache tu na albamu inakwisha. Atumie visikizi vya masikioni au spika ya kweli. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini namna ile, na atakayemsikiliza mzee kwa simu atakuwa amesikia midomo tu, kifua chote kimebaki ndani.